Mtoto ametanguliza matako, mama mkwe anataka nikakandwe tumbo

Shikamoo mama mkunga,

Mimi nina miaka 26, naishi kijijini mkoani Shinyanga. Mtoto wangu wa kwanza ana miaka minne, nilimzaa zahanati kwa njia ya kawaida na alikuwa na kilo tatu na kidogo. Sasa nina mimba ya pili. Kwa hesabu ya kadi yangu ya kliniki nipo wiki ya 36.

Kliniki iliyopita nesi alinipapasa tumbo kwa muda mrefu kuliko siku zote. Akachukua ile tarumbeta ya kusikilizia mapigo ya moyo wa mtoto, akaihamisha huku na huku, mpaka alipoiweka juu ya kitovu ndipo akaandika. Akaniambia niende mjini kupiga ultrasaundi. Majibu yakasema mtoto ni mmoja, maji yanatosha, kondo la nyuma lipo juu, lakini mtoto ametanguliza matako na miguu imenyooka kuelekea usoni. Daktari alikuwa na foleni ndefu. Aliniambia tu, "Rudi wiki ya 37, pengine utapasuliwa," akaita jina linalofuata.

Kusema kweli nilikuwa nimeshahisi. Kuna kitu kigumu cha mviringo kinanibana chini ya mbavu, na mchezo wa mtoto siusikii pale nilipousikia kwa yule wa kwanza.

Shida sasa ni nyumbani. Jirani anasema nimejitakia kwa kubeba ndoo za maji. Wifi anasema ni kwa sababu napenda kukaa kizingitini. Mama mkwe yeye ameshapanga nipelekwe kwa bibi mmoja wa kijiji cha pili anayegeuza watoto kwa kukanda tumbo na mafuta, na ana dawa ya kunywa ya kulainisha nyonga. Nikimwambia daktari kasema nirudi, ananijibu kwamba shangazi yake mume wangu anaitwa Kashinje kwa sababu alizaliwa akitanguliza miguu, nyumbani, na leo ana wajukuu. "Mbona mama yake hakupasuliwa?"

Mume wangu yuko machimboni. Kwa simu ananiambia nimsikilize mama yake, kwani upasuaji ni gharama na nitakaa muda mrefu bila kwenda shamba. Mama mkwe wangu si mtu mbaya, ndiye aliyeniuguza mimba hii ilipokuwa changa. Sitaki kumvunjia heshima, ila naogopa.

Je, ni mimi niliyesababisha? Bibi anaweza kumgeuza? Na kupasuliwa ni lazima?

Mama wa mmoja na nusu, Shinyanga


JIBU

Marahaba mwanangu.

Tuanze na lawama tuziweke pembeni, maana zinakula nafasi kichwani mwako bure. Ndoo za maji hazigeuzi mtoto, kizingiti hakigeuzi mtoto, na ulalaji wako haumgeuzi. Mimba ikiwa ya wiki 28 hivi, karibu mtoto mmoja kati ya wanne au watano huwa amekaa na kichwa juu, na hakuna anayeshtuka kwa kuwa bado ana nafasi ya kupiga pindu. Kadiri wiki zinavyokwenda wengi hujigeuza wenyewe. Mimba inapokomaa wanaobaki wametanguliza matako ni kama watatu au wanne katika kila mia. Wako ni mmoja wao, basi.

Wakati mwingine sababu huonekana: mapacha, maji mengi kupita kiasi au machache mno, uvimbe kwenye kizazi, kizazi chenye umbo lisilo la kawaida, kondo lililokaa chini likaziba njia, au mimba ambayo haijakomaa. Majibu yako yameondoa kadhaa kati ya hizo. Mara nyingi hakuna sababu inayoonekana kabisa, na mkunga mwenye uzoefu hatakutafutia ya kubuni.

Huyo nesi wako namsifu, ingawa hakukueleza. Alipopapasa juu ya tumbo akakuta kitu kigumu cha mviringo kinachocheza mkononi, alijua ni kichwa, kwa kuwa matako ni laini na hayachezi namna hiyo. Mapigo yakasikika juu ya kitovu badala ya chini, shaka ikaongezeka. Kisha hakukisia, akakutuma kwenye kipimo. Kuna wanaogundulika wakiwa tayari kwenye uchungu, usiku, zahanati haina gari. Wewe umepewa wiki kadhaa mbele, na hiyo ndiyo mali uliyo nayo sasa hivi.

Sasa bibi.

Pengine unategemea niseme kumgeuza mtoto ni ushirikina. Sitasema hivyo, kwa sababu si kweli. Mtoto anaweza kugeuzwa kwa mikono juu ya tumbo, na hospitali hufanya hivyo. Kwa aliyewahi kuzaa kama wewe hufanyika kuanzia wiki ya 37, na naamini ndiyo maana daktari akakutajia wiki hiyo. Mama mkwe wako hakukosea kudhani kwamba mikono inaweza kufanya kazi hii. Tatizo ni kila kitu kinachokosekana kuizunguka hiyo mikono.

Hospitali wanaanza na ultrasaundi ya siku hiyohiyo, maana wapo watoto wanaojigeuza wenyewe njiani na mama akarudishwa nyumbani anacheka. Wanaangalia kondo lilipo. Wanasikiliza moyo wa mtoto kwa muda. Mara nyingi mama hupewa dawa ya kulegeza misuli ya kizazi ili tumbo lisikaze. Ndipo daktari anayainua matako kutoka kwenye nyonga na kumsukuma mtoto taratibu apige pindu. Ni dakika chache. Hukosi kuumia kidogo, na ukisema basi, wanaacha. Wakimaliza wanasikiliza moyo tena, hata kama mtoto amegoma kugeuka. Mama ambaye damu yake ni kundi la hasi (mwanamke mwenye A hasi, O hasi na kadhalika) hupewa sindano maalumu, kwa sababu damu ya mtoto inaweza kuchanganyika kidogo na yake ikaleta shida mimba zijazo. Angalia kadi yako, kundi la damu limeandikwa.

Zaidi ya hayo yote, chumba cha upasuaji kipo hatua chache kutoka hapo. Takribani mama mmoja kati ya 200 huhitaji upasuaji wa haraka baada ya mtoto kugeuzwa, kwa sababu mapigo ya mtoto yameshuka na hayapandi, au kondo limeanza kubanduka. Mmoja kati ya 200 ni wachache. Lakini hao ni waliogeuzwa na watu wenye mashine, dawa na kisu karibu, tena baada ya kuwachuja akina mama wasiofaa kuguswa. Kwa bibi hakuna anayechujwa. Hajui kondo liko wapi, hajui kama kamba ya kitovu imemzunguka mtoto shingoni, na kondo likibanduka damu inaweza kujikusanya ndani pasipo tone kuonekana nje, wewe ukadhani ni maumivu tu ya kukandwa. Mwenye kovu la upasuaji wa zamani anaweza hata kupasuka kizazi.

Na hiyo dawa ya kulainisha nyonga usiinywe. Dawa nyingi za kienyeji zinazotolewa mwisho wa mimba zinasemekana kuongeza uchungu, na hakuna anayeweza kukuambia kipimo chake. Kizazi kinachokaza kwa nguvu bila mpangilio juu ya mtoto aliyetanguliza matako ni hatari ya kujitafutia.

Hospitali kumgeuza hufanikiwa karibu nusu ya mara, na kwa waliokwisha kuzaa hufika kama 60 katika 100, kwa sababu tumbo lao limeshalegea. Una bahati upande huo. Maji yanatosha, kondo lipo juu, mtoto mmoja, huna kovu. Kwenye karatasi unafaa kujaribiwa, ingawa uamuzi ni wa daktari atakayekushika. Ninachokuonya ni kwamba si kila hospitali ina mtu anayeifanya kazi hii. Ukirudi, usisubiri waseme wao. Uliza wazi: "Daktari, hapa mnageuza mtoto? Kama hamgeuzi, mnaweza kuniandikia rufaa ya mkoani?" Sema hivyo ukiwa umeketi, kabla hajaita jina linalofuata.

Nimekwisha kuulizwa pia kuhusu kupiga magoti na kuinua makalio juu kila jioni. Ukitaka fanya, si dhambi, ila tafiti zilizofanyika hazijaonyesha kwamba kunamgeuza mtoto. Ukisikia kizunguzungu acha. China wana desturi ya kuchoma majani makavu karibu na kidole kidogo cha mguu wa mama ili mtoto ageuke, na watafiti wameichunguza kweli, ushahidi wake ukabaki mdogo. Nakutajia ili ujue kwamba habari hii haijawatesa Wasukuma peke yao.

Tuje kwa shangazi Kashinje. Mungu amzidishie umri. Lakini mwanangu, hilo jina hupewa aliyepona. Wale ambao kichwa kilikwama hawakufika siku ya kupewa jina, na mama zao wengine hawapo kusimulia. Ndiyo maana kila ukoo una hadithi ya aliyepita salama na hauna ya aliyeshindwa.

Kinachotokea ni hiki. Mtoto anayetanguliza kichwa analeta kwanza sehemu iliyo kubwa na ngumu kuliko zote. Kichwa kikipita, mwili unafuata wenyewe. Anayetanguliza matako ni kinyume: miguu na kiwiliwili vyaweza kupita kabla mlango wa kizazi haujafunguka vya kutosha kwa kichwa. Umewahi kumvua mwanao fulana yenye shingo nyembamba? Mwili wote uko huru, kichwa ndicho kinabaki ndani. Tofauti ni kwamba hapa kamba ya kitovu inabanwa kati ya kichwa na mfupa wa nyonga, na zinahesabiwa dakika. Mtu asiyejua anaona miguu, anavuta. Kuvuta ndiko kunakofanya mikono ya mtoto ipande juu ya kichwa na kidevu kiinuke, kichwa kikwame zaidi. Wakunga tunafundishwa kuondoa mikono na kungoja, kisha kusaidia kwa mbinu maalumu mwishoni. Si kazi rahisi hata kwetu.

Kwa hiyo kupasuliwa ni lazima? Hapana, si lazima kwa kila mtu. Mwaka 2000 ulitoka utafiti mkubwa uliofanyika nchi 26 kwa zaidi ya akina mama 2,000 wenye watoto waliotanguliza matako. Waliopangiwa kujifungua kwa njia ya kawaida, watoto 5 katika 100 walifariki au walipata matatizo makubwa. Waliopangiwa upasuaji, hawakufika 2 katika 100. Baada ya hapo hospitali nyingi duniani ziliegemea kisu, na wakunga wengi wakakosa mahali pa kujifunzia ile kazi ya mikono. Utafiti huo ulikosolewa vilevile, na zipo nchi ambako kujifungua kwa kawaida kunaendelea kwa akina mama waliochaguliwa kwa makini: mtoto si mkubwa wala si mdogo mno, hakutanguliza nyayo, uchungu unakwenda vizuri, mzalishaji amezoea na chumba cha upasuaji kipo wazi. Mtoto wako, kwa kuwa ametanguliza matako huku miguu imenyooka juu, yuko kwenye mkao wenye nafuu kuliko anayetanguliza nyayo. Nyayo huacha uwazi, na chupa ikipasuka kamba ya kitovu inaweza kuteleza ikatoka mbele ya mtoto.

Mimi ningekuwa mama yako ningekushauri hivi: kageuzwe hospitali kama inawezekana. Ikishindikana, na hospitali haina mzalishaji aliyezoea watoto wa matako, kubali upasuaji wa kupangiwa, ambao kwa kawaida hufanyika kuanzia wiki ya 39. Kabla hujaingia waombe waangalie tena mlalo, maana kuna watoto wanaojigeuza dakika za mwisho, hasa kwa aliyewahi kuzaa. Zahanati uliyojifungulia mtoto wa kwanza, safari hii usiitegemee, hata kama manesi wake ni wazuri kiasi gani.

Upasuaji una gharama zake, sitakudanganya. Ni kidonda, ni kukaa hospitali siku kadhaa, ni wiki kadhaa bila jembe wala ndoo, na kovu linalotaka uangalizi mimba ijayo. Mumeo ana haki ya kuwaza shamba. Lakini mwambie apige hesabu nyingine pia: upasuaji wa kupangiwa, mama akiwa na nguvu na damu ya kutosha, si sawa na ule wa usiku wa manane baada ya saa nyingi za uchungu na safari ya bodaboda. Aanze sasa kuweka nauli na fedha ya vifaa. Na kwenu Shinyanga mna bahati, mpango wa usafiri wa dharura wa m-mama ulianzia mkoa wenu na Sengerema kabla ya kusambazwa nchi nzima. Namba yake ni 115, haitozwi. Iandike ukutani, mama mkwe aijue, na yule jirani wa ndoo pia aijue.

Kuna mambo ambayo hayangoji tarehe. Chupa ikipasuka, nenda hospitali saa hiyohiyo hata kama huna uchungu. Damu ikitoka, nenda. Mtoto akipunguza kucheza, nenda. Uchungu ukianza kabla ya siku uliyopangiwa usikae ukihesabu, kwa sababu uchungu wa mimba ya pili huenda haraka. Chupa ikipasuka na ukaona au kuhisi kitu kama kamba ukeni, usikirudishe ndani wala kukichezea. Piga magoti, inama mpaka kifua kiwe chini na makalio juu, watu wapige 115, na uende hivyo hivyo ulivyo, mkao huo unampunguzia mtoto kuikandamiza kamba. Na ikitokea mtoto ameanza kutoka njiani, wanaokusindikiza wasimvute.

Mama mkwe sasa. Usimpelekee maneno ya "daktari kasema", hayo ameshayakataa. Mchukue mwende naye kliniki ya wiki ya 37. Mwombe kama anayeombwa msaada, maana ni kweli unamhitaji: "Mama, naogopa kwenda peke yangu." Akiwa pale mwombe nesi amwekee mkono juu ya tumbo, akisikie kichwa mwenyewe, na aisikilize ile tarumbeta. Mtu aliyekuuguza mimba ikiwa changa hataki kukupoteza. Anatumia njia anayoijua, na hajawahi kuonyeshwa nyingine kwa heshima. Kama anataka mikono ya bibi itumike, iko kazi: kukukanda mgongo na miguu, kukupikia uji ukitoka hospitali, kukushikia yule wa miaka minne. Tumbo lisiguswe na mtu asiye na kipimo. Hapo usirudi nyuma hata hatua moja, na kama akikaza sana mpigie mumeo simu mbele ya nesi, nesi aongee naye. Nimeona wanaume wa machimboni wakibadilika ndani ya dakika tano wakisikia habari kwa mtu wa kliniki.

Jambo moja la mwisho, nakuambia mapema ili nyumba isije ikataharuki. Mtoto aliyekaa mkao wa wako anaweza kuzaliwa na miguu ikiendelea kuinuka kuelekea usoni kwa siku kadhaa. Ndivyo alivyokunjika miezi ya mwisho. Asikandwe, asinyooshwe kwa nguvu, asifungwe miguu kwa kanga ibane. Itashuka yenyewe. Ila nyonga zake zikaguliwe na daktari kabla hujaruhusiwa, na uombe ziangaliwe tena akifika wiki ya sita, hata kama alijigeuza mwishoni, kwa sababu watoto wa matako huteguka au kulegea nyonga zaidi ya wengine, na tatizo likigundulika mapema hutibika bila upasuaji.